Kitindamimba Hakuambiwa

Kampuni yetu inauza milango. Si ya mbao wala ya chuma, hiyo ina wenyewe. Sisi tunauza ujanja wa mlangoni: unagusisha kadi kwenye kidude cha ukutani, kidude kinaiuliza seva, seva inajibu "apite" au "asipite", basi. Sehemu ya kujibu niliiandika mimi. Nalisema hili mapema ili ujue kwamba siku niliyofungiwa kwenye kijichumba cha milango miwili pamoja na mama mdogo wangu, sikufungiwa na mtu mwingine. Nilijifungia mwenyewe, halafu nikaanza kumgombeza yeye.

"Umeigusishaje hiyo kadi?"

"Kama ulivyonifundisha."

"Kama nilivyokufundisha mlango ungefunguka!"

Aliweka ndoo chini, akaegemeza fimbo ya kupigia deki ukutani, akaiangalia ile taa nyekundu juu ya mlango. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini asubuhi. Saa nne kamili alitakiwa ghorofa ya pili kwenye kikao cha kumwachisha kazi, na barua ilisema wazi kwamba asipofika, uamuzi utatolewa bila yeye.

Kijichumba chenyewe kina upana wa kabati la nguo. Kiko kati ya chumba cha seva na korido. Ukitoka, mlango wa ndani unafunguka, unaingia, unajifunga nyuma yako, ndipo wa nje unakubali kuulizwa. Na mtu akikataliwa akiwa humo katikati, milango yote miwili inajifunga nusu saa nzima. Sheria hiyo niliibuni mimi. Niliiita nusu saa ya kumpoza mwizi, na kikaoni watu walicheka wakanipigia makofi. Sasa mwizi nilikuwa mimi, na mama mdogo, na ndoo ya maji machafu.

Kwa nini tulikuwa pamoja? Mfanyakazi wa usafi haruhusiwi kuingia chumba cha seva peke yake. Lazima fundi mmoja amsindikize, akae hapo mpaka amalize. Siku hiyo haikuwa zamu yangu, nilibadilishana na mwenzangu makusudi. Nilitaka kumpa mama mdogo maneno ya kwenda nayo kikaoni. Muda wote aliokuwa akipiga deki, nilikaa juu ya kreti na kompyuta yangu mapajani, nikimhubiria.

"Usibishane nao. Sema ulichanganya saa. Sema hutarudia."

"Nikiri kosa ambalo sikulifanya?"

"Mama mdogo, mashine haina sababu ya kukusingizia."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu.

Shauri lenyewe lilikuwa hivi. Wiki tatu nyuma alihamishwa zamu, kutoka mchana kwenda asubuhi. Jengo zima ni yeye peke yake aliyehamishwa. Tangu siku hiyo mlango mkubwa ukawa na visirani: leo unamkubali, kesho unamkataa. Akikataliwa, kadi inafungwa nusu saa, na yeye anabaki nje na mkoba wake akisubiri mpaka taa irudi kijani. Mara tano alichelewa kwa namna hiyo. Ripoti ya mfumo iliandika mara zote tano: amekataliwa, nje ya zamu. Msimamizi wake wa usafi akasoma, akaona mwanamke mkaidi asiyetaka zamu mpya.

Nyumbani alinieleza. Anaishi kwangu, chumba cha nyuma. Mama yangu alipofariki nilikuwa na miaka sita, na huyu ndiye aliyenibeba, akanisomesha, akanivumilia na mdomo wangu. Alinieleza mezani, kwa upole, kwamba mlango una siku zake. Nikacheka. Nikamwambia mlango hauna siku, ni yeye anaigusisha kadi haraka haraka. Nikamfundisha: iweke bapa, hesabu mpaka mbili, toa. Asubuhi nilipoamka nilimkuta jikoni akifanya mazoezi na kadi yake kwenye mlango wa kabati la vyombo. Moja, mbili, toa. Moja, mbili, toa. Nilimpita nikaenda kuoga.

Meneja utumishi aliponiuliza kwa maandishi kama mfumo una hitilafu, nilimjibu mstari mmoja tu. Mfumo uko sawa, kosa ni la mtumiaji. Nikatia saini. Hata chai haikupoa.

Nilibonyeza kitufe cha kipaza sauti ukutani. Mlinzi wa mapokezi, ambaye sote tunamwita Afande ingawa jeshi hajawahi hata kulipita karibu, akaitika.

"Afande, tumekwama. Lete ufunguo wa dharura."

"Ufunguo gani, fundi?"

"Wa mlango!"

"Ule si mlitunyang'anya? Ulisema walinzi tukiwa na ufunguo, mfumo hauna maana. Barua yako tumeibandika hapa ukutani."

"Uko kwa nani?"

"Kwa meneja utumishi. Na yeye kaingia kikaoni, kaniambia asisumbuliwe."

"Afande, elewa basi! Huyu mama anatakiwa kwenye kikao hicho hicho! Mama mdogo wangu atafukuzwa kazi kwa sababu ya mlango!"

Nyuma yake nikasikia watu wa mapokezi wakiguna. Kile kipaza sauti kinasikika ukumbi mzima. Mama mdogo alinivuta shati.

"Umesema nini wewe?"

Nilikuwa nimesema tulichokificha miaka miwili. Kampuni haipendi ndugu wawili kwenye jengo moja, kwa hiyo fomu yake ya kazi niliijaza mimi, na palipoandikwa "Una ndugu hapa kazini?" nikaandika "Hapana". Yangu nayo nikaandika vivyo hivyo. Kwenye korido alikuwa ananiita fundi, nami namwita mama wa usafi kama wengine. Nilijidanganya kuwa naogopa sheria. Ukweli ni kwamba nilikuwa naona aibu ya ile ndoo. Haya, nimesema.

"Yameshamwagika," akasema. "Tafuta njia ya kututoa."

Kompyuta ilikuwa kwapani. Mtandao humo ndani unashika, kwani seva ziko nyuma ya ukuta tu. Nikakaa chini, magoti yakigusa ndoo, nikaanza kuangalia ni seva ipi iliyojibu "asipite".

Tunazo nne. Tumezipa majina ya watoto wa nyumba moja: Kifunguamimba, Wapili, Watatu na Kitindamimba. Habari zote za kadi ziko sehemu moja, Daftari Kuu, lakini kulisumbua Daftari kila mtu anapogusa mlango kunachelewesha. Ndiyo maana kila seva inajiwekea nakala yake kichwani. Ikiulizwa, inajibu kwa ile nakala, chapuchapu. Wateja walinisifu sana kwa hiyo chapuchapu. Daftari likibadilika, mjumbe anatumwa kwa kila seva: tupa ulichonacho, njoo uulize upya. Maswali ya milangoni yanagawanywa kwa zamu, hili kwa huyu, lile kwa yule, na wewe unayesimama mlangoni hujui nani amekujibu.

Nikafungua kichwa cha Kifunguamimba. Kadi ya mama mdogo: zamu ya asubuhi. Wapili: asubuhi. Watatu: asubuhi. Daftari Kuu: asubuhi.

Kitindamimba: mchana.

Nikasoma tena nikidhani nimekosea mstari. Mchana. Wiki tatu nzima watoto watatu wanajua mama kahamishwa, na mmoja hana habari, na kila zamu yake ya kujibu ikifika anamfukuza mlangoni akiwa na uhakika wote duniani.

Nilijua pa kuangalia kabla sijaangalia. Kuna faili moja yenye orodha ya wanaotumiwa mjumbe. Mwenzangu aliwahi kupendekeza kila seva mpya ijiandikishe yenyewe ikiwashwa, na kila nakala ipewe muda wa kuharibika, ikitimiza saa moja iulizwe upya hata kama hakuna mjumbe. Nilimkatalia. Nilimwambia seva tatu hazihitaji sherehe yote hiyo, orodha naishika mimi kwa mkono. Wiki tano zilizopita nikawasha ya nne kwa haraka, mteja amekaa roho juu. Nikaifungua faili.

Kifunguamimba. Wapili. Watatu. Chini yake jina langu na tarehe.

"Umepata nini?" mama mdogo akauliza.

"Kitu kidogo tu."

"Wewe ukisema kitu kidogo ujue nyumba imeungua. Umepata nini?"

Nilitaka kumwambia nitamweleza tukitoka. Lakini mtu aliyekuogesha utotoni utamficha nini kwenye chumba cha upana wa kabati? Nikamwambia. Kwamba seva ya nne haikuambiwa. Kwamba wa kuiambia nilikuwa mimi. Kwamba kadi aliigusisha vizuri siku zote.

Aliteleza na ukuta taratibu mpaka akakaa sakafuni mkabala nami. Nilisubiri anitukane. Ningefurahi anitukane.

"Siku zote?" akauliza.

"Siku zote."

"Na yale mazoezi ya kabatini?"

Nikajifanya naangalia skrini. Yeye akaanza kucheka, kidogo kidogo, mabega yakitikisika, halafu akajifuta macho kwa ukosi wa sare na sikujua tena kama bado anacheka.

"Nilianza kudhani nazeeka vibaya," akasema. "Nilidhani mkono wangu umeanza kusahau."

Mungu wangu. Nilitamani sakafu ipasuke.

Saa ilikuwa tatu na dakika hamsini na moja. Kulikuwa na njia mbili. Ya kwanza: kuizima Kitindamimba na kuiwasha upya. Ikiamka haina kitu kichwani, hata kile kifungo cha nusu saa imekisahau, inauliza Daftari, mlango unafunguka, tunawahi. Lakini ile nakala ya zamani, ile "mchana", inapotea isionekane tena. Ya pili: kukinakili kwanza kichwa kizima cha Kitindamimba kwa utaratibu unaokubalika, wenye muhuri wa saa, ambao mkuu wangu wa idara hawezi kuubishia. Hiyo inachukua dakika kumi na tano, tena kwa kuharakisha.

Nikamweleza zote mbili.

"Ukifungua sasa, hicho ulichokiona kitabaki?"

"Hakitabaki. Lakini nitasema mimi."

"Utasema mbele yao? Kwamba ni wewe?"

"Mbele yao wote."

Alinitazama sana, kama alivyokuwa akinitazama nikirudi na ripoti ya shule.

"Haya. Fungua, mwanangu. Barua inataka nifike."

Sasa niseme kweli, maana nisipoisema hapa sitaisema popote. Muda ulikuwa mfinyu, hilo si uongo. Lakini kuna sehemu yangu iliyofurahi kwamba muda ni mfinyu. Ningeweza hata kupiga picha ya skrini, sekunde mbili tu, ingekuwa kitu cha kushika mkononi. Wazo lilinijia. Nikajiambia picha ya skrini hata mtoto anaweza kuitengeneza, haina maana. Mkono wangu ukaiongeza Kitindamimba kwenye orodha, ukaizima, ukaiwasha. Baada ya dakika tatu taa ikageuka kijani, mlango ukafunguka kwa ule mlio wake mwororo ambao niliuchagua mimi.

Tulipanda ngazi mbio. Ndoo aliiacha kwa Afande.

Chumbani walikuwa watatu: meneja utumishi, msimamizi wa usafi, ambaye analetwa na kampuni nyingine inayotuletea wafanyakazi, na mkuu wangu wa idara. Mama mdogo alikaa kwenye kiti cha pembeni, mikono mapajani. Mimi nikasimama, nikasema yote. Seva ya nne, orodha, jina langu chini. Nilisema ni kosa langu mara tatu au nne, kwa sauti, hata jasho likanitoka. Nilipomaliza nilijisikia mwepesi. Nikadhani yamekwisha.

Mkuu wangu akafungua kompyuta yake, akauliza seva zote nne.

"Zote zinasema asubuhi," akasema.

"Sasa hivi ndiyo. Nimeiwasha upya ya nne."

"Lini?"

"Dakika kumi zilizopita. Tulikuwa tumekwama."

"Umefuta kabla hujaonyesha mtu?"

"Orodha ipo, angalia, nimeongeza jina leo."

"Naona umeongeza jina leo," akasema. "Naona umeongeza leo, dakika sita kabla ya kikao."

Meneja utumishi hakuwa mtu wa seva. Yeye alikuwa na jalada. Akalifungua taratibu, akatoa karatasi, akaigeuza inielekee.

"Hii saini ni ya nani?"

Mfumo uko sawa, kosa ni la mtumiaji.

"Ni yangu, lakini wakati ule nilikuwa sijui."

"Na hii?" Akatoa nyingine. Fomu ya ajira. Una ndugu hapa kazini? Hapana. Mwandiko wangu, herufi zangu kubwa kubwa. "Jengo zima limekusikia asubuhi hii ukisema ni mama mdogo wako. Sasa tuambie, fundi. Ulituambia uongo wakati ule, au unatuambia uongo leo?"

Nilifungua mdomo. Kila neno nililokuwa nalo lilikuwa la kweli na hakuna hata moja lililopita. Nilimgeukia mama mdogo. Alikuwa haniangalii mimi, anaangalia ile fomu, jina lake lilivyoandikwa na mkono wa mtu mwingine.

"Aliijaza yeye," akasema kwa utulivu, "lakini aliyeipeleka ni mimi. Msimtese kijana."

Wakamwandikia barua hapo hapo. Sasa haikuwa tena ya kuchelewa. Ilikuwa ya udanganyifu.

Mimi walinipa onyo. Kumpata fundi mwingine wa milango ni shughuli.

Sikukaa kimya, usidhani. Nilitoa historia nzima ya ile faili, tarehe zote, nikamsumbua mwenzangu aihakiki, nikaandika barua ndefu. Baada ya siku tisa mkuu wangu akakubali kwamba seva ya nne kweli ilikuwa haijaambiwa, akanishukuru kwa kugundua. Mfumo ukabadilishwa: seva zinajiandikisha zenyewe, nakala zinaharibika kila baada ya saa. Nikaipeleka barua ya mkuu kwa msimamizi wa usafi. Akaisoma yote, maskini, akaniambia anasikitika, ila nafasi imeshapata mtu, na kule kwenye majengo yao mengine wameshapewa taarifa kuhusu yule mama. Nikamwomba awape taarifa nyingine. Akasema atajaribu, lakini hana hakika ile ya kwanza ilifika kwa nani na nani.

Ila hiyo ilikuwa baadaye. Kesho yake baada ya kikao nilikuta karatasi mezani kwangu: kadi ya mfanyakazi wa usafi iondolewe. Wa kuondoa kadi ni mimi. Niliikwepa mpaka saa sita, nikazunguka, nikanywa maji ambayo sikuyataka. Halafu nikakaa, nikaandika namba yake, nikabonyeza.

Mjumbe akatoka. Kila seva hutuma jibu ikishatupa nakala. Yakaja manne, kwa muda usiofika hata sekunde moja. Kitindamimba ndiye aliyetangulia.

Nilifika nyumbani jioni. Alikuwa jikoni, kavaa kanga badala ya sare, vitambaa vya kochi langu vimekunjwa vizuri. Aliitaka kazi ile kwa sababu moja tu, aliwahi kuniambia: hataki kuzeeka juu ya kochi la mtoto wa dada yake akisubiri kusikia funguo mlangoni.

"Umeniondoa?" akauliza bila kugeuka.

"Nimekuondoa."

"Zote nne?"

"Zote nne."

Akaitikia kwa kichwa. Alikuwa na kitambaa kibichi mkononi, anapangusa mlango wa kabati la vyombo, pale rangi ilipochubuka kwa yale mazoezi. Nikamwambia aache, nitapangusa mimi, nitapaka na rangi kabisa. Nikashika ncha ya kitambaa.

Hakukiachia. Akaendelea kupangusa, nami nikasimama pale nimekishika.